Tuliomba Lini? Ruzuku za Serikali kwa Makanisa, Misikiti na Vikundi vya Jamii

Somo hili linahusu fedha ambazo serikali ya Marekani huyapa mashirika yanayohudumia watu, yakiwemo makanisa, misikiti na vyama vya kijamii. Linahusu pia wale wanaojipatia riziki kwa kuuza njia ya kuzifikia fedha hizo, njia ambayo sehemu yake kubwa haiuzwi. Tumeyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi, kwa sababu asiyejua mlango halisi ulipo ni rahisi kuuziwa mlango wa bandia.

Tuanze na mfano. Kanisa dogo lina waumini wapatao 80, wengi wao wakiwa walifika nchini kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Ibada yao huanza saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi jengo hutumiwa na wenye jengo. Kila kiangazi, shule zinapofungwa, akina mama wa kanisa huwapikia watoto wa mtaa chakula cha mchana kwa michango yao wenyewe. Siku moja mchungaji anapokea ujumbe wa simu wenye picha ya tai na bendera. Ujumbe wasema kwamba kanisa lake limechaguliwa kupewa dola 75,000 na idara ya taifa ya ruzuku za kidini, na kwamba ili faili lisifungwe, dola 1,450 za ushughulikiaji zinatakiwa kabla ya Ijumaa. Mchungaji anampigia mweka hazina.

"Mama, tumejibiwa!"

Mweka hazina anausikiliza ujumbe wote, kisha anauliza, "Tuliomba lini, Mchungaji?"

Mchungaji anadhani anaulizwa habari za sala. La hasha. Kiswahili chetu kina neno moja la kumwelekea Mungu na la kuielekea ofisi, na hapo ndipo tapeli hujipenyeza. Serikali haijui kujibu ombi ambalo halikuandikwa. Hakuna kanisa, msikiti wala chama kilichowahi kuchaguliwa kupata ruzuku ya shirikisho bila mtu wake kuketi, kujaza fomu na kuipeleka kabla ya tarehe iliyotangazwa. Na idara ile iliyotajwa katika ujumbe haipo.

Mfuko ambao haujawahi kutengwa

Dhana kwamba serikali ina mfuko maalumu wa mashirika ya dini ina chanzo chake. Mwaka 1996, Bunge la Marekani lilipoirekebisha sheria ya misaada kwa familia maskini, liliweka kifungu kilichoyaruhusu mashirika ya kidini kushindania fedha za baadhi ya huduma za jamii bila kulazimika kuondoa alama za imani yao ukutani wala kubadilisha jina. Januari 2001, Rais George W. Bush alianzisha katika Ikulu ofisi ya kushughulikia mashirika ya kidini na ya kijamii, na Desemba 2002 akatoa amri ya kuzitaka idara za serikali zisiyabague mashirika ya kidini yanapoomba fedha za huduma za jamii. Marais waliofuata wamebadilisha jina na sura ya ofisi hiyo. Februari 2025 Rais Donald Trump aliunda nyingine ya kwake. Kila mara habari hizo zinapotangazwa, watu husikia kwamba makanisa sasa yatapewa fedha.

Ofisi hizo za Ikulu si ofisi za kugawa fedha. Kilichotolewa na sheria ya mwaka 1996 na amri ya mwaka 2002 ni haki ya kushindana kwa usawa. Shirika la dini haliongezewi alama kwa kuwa la dini, wala halipaswi kupunguziwa kwa sababu hiyo. Linakaa katika mstari mmoja na hospitali, chuo, halmashauri ya mji na shirika lisilo la dini lolote, na ombi lake linapimwa kwa vigezo vilevile.

Fedha zenyewe hutolewa na wizara na idara mbalimbali: ya Afya, ya Kilimo, ya Makazi, ya Usalama wa Ndani na nyinginezo. Kila ruzuku huwa na tangazo lake linaloeleza kazi inayotakiwa kufanywa, nani anaruhusiwa kuomba, kiasi kilichopo, tarehe ya mwisho na namna maombi yatakavyopimwa. Tunaomba msomaji alizingatie neno "kazi". Tangazo halianzi na shida za shirika. Huanza na shida ambayo serikali inataka itatuliwe, kisha hutafuta wa kuitatua. Kanisa linalotaka kumaliza deni la jengo au kununua vinanda vipya halitapata tangazo la kulifaa, hata likitafuta mwaka mzima. Hali kadhalika, serikali ya shirikisho haimpi mtu binafsi ruzuku ya kulipia bili au madeni yake. Anayeahidi hivyo anajua kwamba hasemi kweli.

Milango isiyolipiwa

Kikundi kinachotaka kuomba ruzuku moja kwa moja kutoka serikali ya shirikisho hakina budi kupita hatua kadhaa, na karibu zote ni bure.

Ya kwanza ni namba ya utambulisho ya mwajiri, maarufu kama EIN, ambayo hutolewa na Idara ya Mapato, IRS. Kikundi huihitaji hata kama hakina mwajiriwa, kwa kuwa benki pia huitaka. Hupatikana katika tovuti ya IRS bila malipo. Zipo tovuti za watu binafsi zenye rangi na maneno yanayofanana na ya IRS ambazo hutoza fedha kwa kazi hiyohiyo. Wao huichukua fomu ya bure, huijaza kwa niaba yako, na hubaki na taarifa za mtu aliyeandikwa kuwa mwenye dhamana, ikiwemo namba yake ya Social Security.

Ya pili ni kujisajili katika SAM.gov, daftari la serikali la wote wanaofanya nayo shughuli. Humo ndimo shirika hupewa namba yake ya pekee, UEI, yenye tarakimu na herufi 12. Tangu tarehe 4 Aprili 2022 namba hiyo ilichukua nafasi ya namba ya zamani iliyoitwa DUNS. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia DUNS kwa ajili ya ruzuku ya shirikisho anakuuzia kitu kilichokwisha kazi. Usajili wa SAM.gov ni bure, na kuufanya upya kila mwaka ni bure pia. Baada ya hapo hufuata Grants.gov, ambako matangazo ya ruzuku za shirikisho huwekwa na ambako maombi mengi hupokelewa. Nako hakuna ada.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba bure maana yake ni rahisi. Usajili wa SAM.gov huweza kuchukua wiki kadhaa, na vikundi vidogo aghalabu hukwama mahali pamoja: jina na anwani. Mfumo unataka jina la kisheria na anwani halisi zilingane na hati, herufi kwa herufi. Kanisa lililosajiliwa jimboni kwa jina la Kiingereza, linalojulikana benki kwa jina la Kiswahili, na ambalo bili yake ya umeme inakuja kwa jina la mwenye jengo, litarudishiwa fomu mara nyingi. Tiba yake ni kuzisawazisha hati hizo kabla ya kuanza, jambo ambalo halihitaji mtaalamu wa kulipwa bali mtu mmoja mwenye subira. Anayekwama anaweza kuomba msaada bure katika dawati la huduma la serikali lililoko FSD.gov.

Baada ya kusajiliwa, jiandaeni kupata barua. Sehemu ya taarifa za daftari lile huonekana na umma, na zipo kampuni zinazozisoma kila siku. Mtaanza kupata barua pepe na simu zenye lugha ya dharura kwamba usajili wenu unakaribia kufutwa, na kwamba kwa dola mia kadhaa utahuishwa leo hii. Kampuni hizo si lazima ziwe za kihalifu. Kumjazia mtu fomu kwa malipo hakukatazwi. Lisilokubalika ni kujifanya serikali, na mpaka kati ya mambo hayo mawili huvukwa mara kwa mara. Tazameni anwani: ofisi ya serikali ya shirikisho huandika kutoka anwani inayoishia kwa .gov.

Lipo pia lile linalolipiwa kwa haki, nasi tulitaje ili lisichanganywe na utapeli. Majimbo hutoza ada ya kulisajili shirika kisheria. IRS nayo hutoza ada kwa shirika linaloomba kutambuliwa kuwa halilipi kodi ya mapato: dola 600 kwa Fomu 1023, au dola 275 kwa fomu fupi iitwayo 1023-EZ, ambayo ni ya vikundi vidogo. Makanisa na misikiti inayotimiza masharti ya IRS hutambuliwa na sheria bila kuomba, ingawa baadhi huomba kwa hiari ili wawe na barua ya kuonyesha. Yanapoomba, hayaruhusiwi kutumia fomu fupi. Vikundi vya jamii visivyo vya ibada ndivyo vinavyopaswa kuwa macho zaidi hapa. Kikishatambuliwa, kikundi kidogo hutakiwa kila mwaka kupeleka taarifa fupi ya mtandaoni, 990-N, inayojazwa kwa dakika chache. Kisipofanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, utambuzi wake hufutika wenyewe. Inasikitisha kuona chama kimehangaika kukusanya ada ya usajili, kikaja kupoteza hadhi yake kwa sababu katibu alihamia jimbo jingine na hakuna aliyejua kwamba ile taarifa ilikuwa juu yake.

Ruzuku ni mkataba

Neno ruzuku lina harufu ya zawadi. Kwa hakika ni mkataba ambao upande mmoja umeahidi fedha na mwingine umeahidi kazi, muda na hesabu.

Jambo la kwanza linalovishangaza vikundi vingi ni kwamba ruzuku nyingi hulipwa kwa kurudishiwa gharama. Shirika hutumia kwanza fedha zake, hupeleka risiti, kisha husubiri. Mpango wa shirika la FEMA wa kuyasaidia mashirika yasiyo ya kibiashara kujilinda dhidi ya mashambulizi, ambao makanisa, misikiti na masinagogi mengi huuomba kwa ajili ya kamera, milango imara na uzio, kwa kawaida huendeshwa kwa utaratibu huo. Maombi yake hayapelekwi FEMA moja kwa moja bali kwa ofisi ya jimbo iliyopewa kazi hiyo. Msikiti ulioidhinishiwa dola 40,000 za milango na kamera unaweza kulazimika kumlipa fundi kwanza na kurejeshewa miezi kadhaa baadaye. Swali la kuuliza katika kikao, kabla ya kujaza ukurasa wa kwanza wa ombi, ni hili: fedha za miezi hiyo zitatoka wapi? Kama jibu ni "tutakopa kwa washiriki", tunashauri ombi lingoje.

La pili linahusu ibada. Fedha zinazotolewa moja kwa moja na serikali haziruhusiwi kugharamia sala, mahubiri, mafundisho ya dini wala kuwavuta watu kwenye imani. Shirika halikatazwi kufanya hayo. Linatakiwa kuyafanya kwa wakati mwingine au mahali pengine, kwa fedha nyingine, na mtu anayekuja kupata huduma asilazimishwe kushiriki. Wala haliwezi kumnyima mtu huduma kwa sababu ya dini yake, au kwa sababu hana dini. Kwa upande wa pili, shirika hubaki na jina lake, alama zake, na uhuru wa kuchagua viongozi wake kwa misingi ya imani. Kivitendo, darasa la Kiingereza la wageni linalolipiwa na ruzuku haliwezi kufunguliwa kwa fungu la maandiko wala kufungwa kwa wito wa kuokoka. Wapo viongozi ambao, wakilisikia sharti hilo, huamua kwamba ruzuku haiwafai. Huo ni uamuzi wa heshima, na ni bora ufanywe kabla ya kutia sahihi kuliko baada ya mkaguzi kufika.

La tatu ni hesabu. Kila senti iwe na risiti, na kumbukumbu zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Saa za mfanyakazi anayelipwa na ruzuku ziandikwe jinsi zilivyofanyika, si jinsi bajeti ilivyotabiri. Anayeidhinisha malipo asiwe yeye anayeyalipa, hata kama ni mchungaji na mkewe, tena hasa kama ni mchungaji na mkewe. Ukaguzi mkubwa wa lazima wa hesabu za shirikisho huyahusu mashirika yanayotumia dola 1,000,000 au zaidi za fedha hizo kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza Oktoba 2024 na baadaye. Vikundi vidogo havitafika huko. Lakini ofisi iliyotoa fedha inaweza kuomba kuona vitabu vya shirika la ukubwa wowote, na fedha zilizotumika nje ya mkataba hudaiwa.

Tuongeze faida moja ambayo vikundi vidogo huisahau. Pango la ofisi, umeme na mhasibu ni gharama halali, ingawa hazihusu mradi mmoja pekee. Tangu Oktoba 2024, shirika lisilo na kiwango maalumu kilichokubaliwa na serikali linaweza kudai hadi asilimia 15 ya sehemu kubwa ya gharama za mradi kwa ajili ya matumizi hayo ya jumla, isipokuwa tangazo la ruzuku liwe limeweka kiwango kingine. Zamani ilikuwa asilimia 10. Tumeona bajeti zilizoandikwa kwa unyenyekevu kana kwamba kanisa halilipi umeme. Unyenyekevu huo hauongezi alama.

Mlango mdogo

Turudi kwa akina mama wa mfano wetu, kwa sababu kazi yao ndiyo inayofanana zaidi na ile ambayo serikali hulipia.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mpango wa chakula cha kiangazi kwa watoto. Fedha zake hupitia jimboni na kufika kwa mashirika yanayoitwa wadhamini, ambayo mara nyingi ni wilaya ya shule, benki ya chakula au shirika kubwa la jamii. Mdhamini husimamia vituo vya kugawia chakula, naye ndiye anayejaza makaratasi, kudai malipo kwa kila mlo uliotolewa, na kujibu kwa serikali. Kanisa au msikiti unaweza kuwa kituo tu. Katika eneo ambalo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei iliyopunguzwa, kituo huweza kumhudumia kila mtoto wa umri wa miaka 18 au chini bila kuuliza kipato cha wazazi wake. Kituo hupata mafunzo, huhesabu milo, hufuata kanuni za usafi, na hakilazimiki kushindana kwa ruzuku Washington.

Yapo masharti ambayo akina mama hawatayapenda. Mlo una vipimo vyake: chakula cha mchana kiwe na maziwa, nafaka, protini, na matunda au mboga kwa kiasi kilichowekwa. Sufuria ya wali na maharage, hata iwe tamu namna gani, haitoshi peke yake. Mara nyingi chakula hupikwa katika jiko la mdhamini na kuletwa kikiwa tayari. Mama aliyepika miaka mitano kwa mikono yake anaweza kusema kwamba hilo silo alilolikusudia, naye ana haki ya kusema hivyo. Wengine wataona kwamba fedha walizokuwa wakinunulia mchele sasa zinaweza kununua madaftari. Hilo ni la kujadiliwa na kikundi chenyewe. Sisi tunaonyesha tu kwamba mlango upo, kwamba hauna ada, na kwamba hufunguliwa kwa kuipigia simu ofisi ya jimbo inayoshughulikia lishe ya watoto mwanzoni mwa mwaka, si mwezi Juni.

Njia ya kupitia mwingine ipo pia kwingineko. Tangu mwaka 1974 Wizara ya Makazi hutoa fedha za maendeleo ya jamii kwa miji na kaunti, nazo huweza kutenga sehemu, kwa kawaida isiyozidi asilimia 15, kwa huduma za umma kama vile malezi ya watoto, ajira na elimu. Mji unaopokea fedha hizo hutakiwa kuwasikiliza wakazi katika mikutano ya hadhara. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vingi vitupu, na mtu anayefika kueleza kwa utulivu kazi ya kikundi chake huonekana. Shirika linalopokea fedha kupitia jingine kwa kawaida huhitaji UEI tu, bila usajili kamili wa SAM.gov. Kwa kikundi ambacho hakijawahi kusimamia fedha za serikali, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza. Ni heri kujifunza kuandika ripoti ya dola 5,000 chini ya jicho la mwenzako kuliko kujifunza kwa dola 75,000 peke yako.

Anayejitolea kuwaandikia

Kumlipa mtu ajuaye kuandika maombi si kosa, hasa pale ambapo viongozi hawana Kiingereza cha ofisini. Lakini mlipeni kwa saa au kwa kazi, kwa mkataba wa maandishi. Anayetaka asilimia ya ruzuku itakapopatikana anakwenda kinyume cha maadili ya chama cha kitaaluma cha waandishi wa maombi wa Marekani, na kwa kawaida malipo ya namna hiyo hayawezi kutolewa katika fedha za ruzuku. Yatatoka katika sadaka zenu. Anayehakikisha ushindi hana uwezo huo, kwa kuwa maombi hupimwa na watu asiowaamuru. Na mwandishi yeyote, hata awe ndugu wa kijijini kwenu, asipewe nywila ya SAM.gov wala sahihi katika fomu tupu. Ombi likiwa na uongo ndani yake, jina litakalotafutwa ni la aliyelitia sahihi.

Iwapo fedha zimekwisha kutoka

Mweka hazina wa mfano wetu aliuliza swali lake kabla ya Ijumaa. Si wote wanaowahi, na matapeli wana njia zaidi ya ile moja. Wengine huiteka akaunti ya askofu au ya shekhe anayefahamika na kumwandikia kila rafiki yake kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupokea ruzuku. Mpigieni mhusika kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, mkaisikie sauti yake. Wengine huleta hundi halisi kwa macho, yenye fedha zaidi ya zilizoahidiwa, na kuomba ziada irudishwe. Benki huweza kuonyesha fedha katika akaunti kwa siku chache, kisha hundi ikagundulika kuwa ya bandia baada ya wiki kadhaa, na kilichorudishwa kikawa ni fedha za kanisa.

Aliyelipa kwa kadi au kwa akaunti aipigie benki siku hiyohiyo na kuomba malipo yazuiwe. Aliyenunua kadi za zawadi na kusoma namba zake kwa simu aipigie kampuni iliyozitoa, akiwa na kadi na risiti mkononi. Iwapo namba ya Social Security ya mtu ilitolewa, azuie taarifa zake za mikopo katika kampuni tatu za Equifax, Experian na TransUnion, jambo lisilolipiwa, na afuate hatua zilizoko IdentityTheft.gov. Utapeli wenyewe utaarifiwe katika ReportFraud.ftc.gov au kwa simu 1-877-382-4357, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Tapeli aliyejifanya Wizara ya Afya ataarifiwe pia kwa 1-800-447-8477. Msiufute ujumbe hata kama unawatia aibu. Picha ya skrini, namba ya simu, tarehe na risiti ndivyo vinavyomwezesha mpelelezi kuanza.

Waambieni pia waumini, au angalau wajumbe wa kikao. Tunajua ni vigumu, kwa sababu fedha zilizopotea zilikuwa sadaka. Lakini orodha ya waliowahi kulipa huuzwa, na baada ya muda mtu mwingine atapiga simu akijitambulisha kuwa wakili au ofisa anayeweza kuzirudisha fedha zile kwa ada ndogo ya awali. Atajua jina la kanisa, kiasi kilicholipwa na siku kilipolipwa. Ofisi za serikali hazitozi ada kumrudishia mtu fedha alizotapeliwa. Mwandikeni tarehe na namba yake, mkate simu, mkaiongeze katika taarifa mliyokwisha kuipeleka.